Kumbadilishia paka mzee chakula kabla kisukari hakijabisha hodi

Kwa miaka mingi paka wangu Doa hakuwa na habari na maji. Kila asubuhi nilimwaga yaliyolala kwenye bakuli lake na kuweka mengine, na kila asubuhi niliyakuta karibu palepale nilipoyaachia. Alipofika miaka 12 akaanza kuyamaliza. Nilifurahi. Nilidhani amelipenda bakuli jipya. Mchanga wa boksi lake la kukojolea ukawa unaganda mabonge makubwa kama ngumi, nami nikasema ni kwa sababu ya maji hayo. Alikuwa akila kwa pupa na huku mgongo unachongoka, na hapo pia nikajiliwaza: afadhali apungue, maana alikuwa amenenepa mno.

Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo, Doa alikuwa tayari anatembea kwa visigino. Paka husimama kwenye vidole, kisigino kikiwa juu. Doa miguu yake ya nyuma ilikuwa imelala chini, anajiburuta kama anayeshuka ngazi asizoziona. Sukari iliyopanda kwa muda mrefu ilikuwa imeshaumiza mishipa yake ya fahamu. Kuanzia siku hiyo tulichoma insulini kila baada ya saa 12, asubuhi na jioni, kwa miezi 14. Niliandika kila sindano kwenye daftari la jalada la kijani. Ukurasa wa mwisho wa Doa umejaa nusu tu.

Aliyebaki ni Wingu, paka wa kijivu. Ni yeye ninayetaka kumwandika hapa.

Siku moja, baada ya msiba kupoa, nilisoma ni paka gani hasa wanaopata kisukari, nikahisi kama nasomewa wasifu wa Wingu. Dume. Amehasiwa. Amevuka miaka saba na anaelekea kumi na kitu. Anaishi ndani ya nyumba, hawindi, hakimbizwi na yeyote. Mnene. Wingu alikuwa na miaka 10 na kilo 6.4, wakati mwili wake ulitakiwa kuwa na kilo 5 hivi. Kasoro moja tu hakuwa nayo, nayo ni dawa za steroidi. Doa alikuwa amechomwa sindano za steroidi za kukaa mwilini muda mrefu, zaidi ya mara moja, kwa ajili ya muwasho wa ngozi. Dawa hizo zina kazi yake na kuna wakati hazikwepeki, lakini zinajulikana kumsukuma paka mnene kwenye kisukari, na mimi sikuambiwa wala sikuuliza. Siku hizi nauliza.

Kisukari cha paka walio wengi kinafanana sana na kile cha binadamu cha aina ya pili. Kongosho bado linatoa insulini, lakini mwili umeacha kuisikiliza. Kongosho linaongeza juhudi. Pamoja na insulini hutoa homoni nyingine iitwayo amilini, na kwa paka, kama ilivyo kwa binadamu na tofauti na mbwa, homoni hiyo ina tabia ya kugandamana na kuwa amiloidi, utandu unaosonga zile seli zinazotengeneza insulini. Juhudi zikizidi, utandu unaongezeka. Mwisho seli zinachoka na nyingine zinakufa. Kwa hiyo siku paka anapoanza kunywa maji kama Doa, jambo hilo halikuanza siku hiyo. Limekuwa likipikwa miezi, pengine miaka.

Na kinachouzuia mwili kuisikiliza insulini, kuliko kitu kingine chochote kilichopimwa vizuri, ni mafuta ya mwilini. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ambapo paka wazima waliachwa wale watakavyo hadi uzito wao ukapanda kwa wastani wa asilimia 44. Uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulishuka kwa asilimia 52. Ni nusu nzima. Hakuna ugonjwa mwingine uliowapata, ni unene tu. Nilipousoma huo niliinua macho nikamtazama Wingu amelala chali, tumbo limemwagika pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza sikuona raha ya kumtazama.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapogombana.

Paka ni mla nyama kwa maumbile, na namaanisha mwili wake umejengwa hivyo hadi ndani kabisa. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga. Ini lake linatengeneza sukari kutokana na protini usiku na mchana, amekula au hajala, na lile swichi ambalo ini la binadamu linalo la kupokea sukari nyingi kwa mpigo, la kwake ni hafifu. Hata utamu hausikii: mwaka 2005 watafiti wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu mjini Philadelphia, walionyesha kwamba jeni moja kati ya mbili zinazojenga kipokezi cha utamu kwenye ulimi imekufa kwa paka. Uchambuzi wa chakula cha paka wanaojiwindia wenyewe, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba asilimia 52 ya nguvu wanayopata inatoka kwenye protini, 46 kwenye mafuta, na 2 tu kwenye wanga.

Punje kavu, yaani kile chakula cha paka cha pakiti, kwa upande mwingine, haziwezi kushikana bila wanga. Mashine inayozitengeneza inahitaji unga wa nafaka, viazi au kunde ili punje iumuke na kuwa na umbo. Ndiyo maana punje nyingi hubeba robo hadi zaidi ya theluthi ya nguvu yake kama wanga.

Kutoka hapo ni rahisi kurukia hitimisho kwamba punje ndizo zinazoleta kisukari. Mimi nililirukia. Nilikuwa tayari kumlaumu mtu au kitu. Lakini paka mwenye afya humeng'enya wanga uliopikwa vizuri tu, na kwa paka ambaye bado hajaugua, ushahidi kwamba wanga peke yake ndiyo unaomtia kisukari ni dhaifu. Ambaye tayari ni mgonjwa, habari nyingine: kwake kupunguza wanga kunasaidia waziwazi, na wapo wanaopona hadi kuacha sindano. Kwa anayekingwa, hoja ya nguvu dhidi ya punje ni nyingine kabisa, nayo ni kalori nyingi katika ujazo mdogo. Punje ni chakula kilichokaushwa hadi kikabaki nguvu tupu. Bakuli dogo lina kalori nyingi, halinuki, halichachi, linaweza kukaa wazi siku nzima, na paka asiye na kazi ya kufanya atalipitia kila anapolikumbuka.

Nilielewa hilo vizuri nilipokaa na pakiti ya punje, kopo la chakula cha majimaji na kalamu. Wanga huwa hauandikwi kwenye pakiti nyingi za chakula cha paka, inabidi uutafute. Unachukua 100, unatoa protini, mafuta, nyuzi, majivu (yaani madini) na unyevu. Kinachobaki ndicho wanga. Pakiti yetu ilisema protini 32, mafuta 14, nyuzi 3, majivu 7, unyevu 8. Jumla 64. Kwa hiyo wanga ni 36. Kisha unageuza kuwa nguvu: gramu ya protini au ya wanga uihesabu kilokalori 3.5, gramu ya mafuta 8.5. Gramu 100 za punje zilinipa kilokalori 357, na 126 kati ya hizo, yaani asilimia 35, ni wanga. Kopo lilisema protini 11, mafuta 5, nyuzi nusu, majivu 2, unyevu 80. Wanga gramu moja na nusu. Gramu 100 zake ni kilokalori 86 tu, na wanga ni asilimia 6 ya hizo. Usilinganishe protini 32 ya pakiti na 11 ya kopo ukadhani pakiti imeshinda. Ukiondoa maji, kopo ndilo lenye protini nyingi zaidi, na kwa mbali.

Wingu alikuwa anakula gramu 80 za punje kwa siku, kwa makadirio yangu, pamoja na vionjo vya hapa na pale. Ni kilokalori 286 bila vionjo. Daktari alimpangia 190.

Nimetaja daktari nusu ya njia, na huku ndiye anayepaswa kutangulia. Paka mwenye miaka 10 anaweza kuwa na figo zinazoanza kuchoka, au tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, au meno mabovu, na usijue, kwa sababu paka huficha maumivu kuliko mnyama yeyote niliyewahi kuishi naye. Figo zikiwa mbaya, mpango wa chakula unabadilika: fosforasi lazima ishuke, na protini nyingi kiholela si jambo la kujaribia nyumbani. Na kama paka tayari anachomwa insulini, kumpunguzia wanga ghafla bila kurekebisha dozi kunaweza kuiangusha sukari yake hadi akapoteza fahamu. Kwa hiyo damu kwanza. Sukari ya Wingu ilitoka juu kidogo siku ile, moyo wangu ukapasuka, daktari akanituliza: paka akiogopa mezani sukari hupanda yenyewe. Akaagiza kipimo cha fruktosamini, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa wiki mbili hivi zilizopita. Hicho kikatoka sawa. Figo sawa. Meno mawili yaling'olewa. Tukaanza baada ya mdomo kupona.

Watu walinionya kwamba samaki mkunje angali mbichi, na paka wa miaka 10 amekwisha kukauka. Wana hoja. Paka hujifunza akiwa mdogo chakula ni kitu gani, kinanukaje, kinavunjikaje mdomoni, na kile ambacho hakukijua utotoni anaweza akakitazama kama jiwe. Siku ya kwanza nilimwekea Wingu kijiko cha chakula cha kopo. Alikinusa, akakwangua sakafu kuzunguka bakuli kana kwamba anafukia kinyesi, akaondoka.

Katika hali hiyo kuna kosa moja ambalo linaweza kuua, na nimesikia likitolewa kama ushauri: mwache akae na njaa, akishikwa atakula. Mbwa labda. Paka, hasa paka mnene, asipokula kwa siku mbili au tatu mwili wake unaanza kupeleka mafuta kwenye ini kwa kasi ambayo ini haliwezi kuimudu. Ini linajaa mafuta, linashindwa kazi, macho na fizi vinageuka manjano, na paka ambaye jana alikuwa anagoma kula sasa hawezi kula hata akitaka. Sheria niliyojiwekea ilikuwa kwamba saa 24 zisipite bila Wingu kula chakula cha kutosha, cha aina yoyote. Akigoma cha kopo, anapata punje zake. Mshindi awe yeye, siku hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa aina ya chakula, nilibadilisha saa. Bakuli la kukaa wazi siku nzima liliondoka. Punje zilezile, ila zinakuja mara nne kwa siku na baada ya nusu saa bakuli linaondolewa. Hilo peke yake lilichukua wiki mbili na lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu Wingu alilia. Alisimama mlangoni mwa jiko saa kumi alfajiri akilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Lakini lilimrudishia kitu alichokuwa amekipoteza: hamu. Paka anayekula saa zote hajui njaa, na asiyejua njaa hajaribu kitu kipya.

Wiki ya tatu nikaanza kuweka chakula cha kopo pembeni ya punje, kwenye sahani tofauti, kiasi cha ncha ya kijiko. Nilikipasha hadi kikawa na joto la mwili, karibu nyuzi 38, kwa kuweka kibakuli ndani ya maji ya moto. Kikitoka kwenye friji hakinuki, na kwa paka kisichonuka si chakula. Nilijaribu cha vipande, akalamba mchuzi akaacha vipande. Nikajaribu kilichosagwa laini kabisa, akala. Nisingejua hilo kama ningekata tamaa kwenye kopo la kwanza. Halafu nikasaga punje zake zikawa unga, nikanyunyizia juu. Hiyo ndiyo hila iliyofungua mlango. Kila siku tatu nne niliongeza kidogo cha kopo na kupunguza punje kwa hesabu. Vitabu husema siku saba hadi kumi zinatosha kubadilisha chakula. Sisi tulichukua wiki tisa, na sijutii hata moja.

Mizani ya jikoni ilikuwa ya lazima. Kikombe cha kupimia kinadanganya. Punje tano juu ya ukingo huzioni, na haba na haba hujaza kibaba. Kilokalori 190 ni gramu 53 za punje, kitu ambacho kinakaa kwenye kiganja kimoja. Ni gramu 220 za chakula cha kopo, sahani nzima. Tumbo linajua tofauti hiyo hata kama kalori ni zilezile. Na katika zile gramu 220 kuna maji karibu mililita 176, wakati gramu 53 za punje zina mililita nne. Wingu sasa anakunywa maji mara chache sana, na safari hii najua kwa nini bakuli linabaki limejaa.

Mama yangu, anayeishi nasi, hakufurahia mambo haya hata kidogo. "Mwanangu, huyu ni mzee mwenzangu," aliniambia. "Uzeeni mtu anaachwa ale." Niligundua kwamba uzito wa Wingu uligoma kushuka mwezi wa pili kwa sababu kila alasiri alipata vipande vya nyama kutoka kwenye sahani ya Mama. Sikuweza kumkataza, na kusema kweli sikutaka, kwa sababu ule ulikuwa wakati wao wawili. Tulichofanya ni kutenga gramu 20 za nyama iliyochemshwa bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu ambavyo ni sumu kwa damu ya paka, na kuzitoa kwenye hesabu ya siku. Mama ndiye anayezitoa. Anazipima mwenyewe, na ni mkali wa mizani kuliko mimi.

Hapo niseme pia kwamba nyama tupu haiwezi kuwa mlo wote. Imekosa kalisi, na ikipikwa ovyo inapoteza taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kukitengeneza cha kutosha mwenyewe. Mwaka 1987 ndipo ilipothibitishwa kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka walipungukiwa taurini tu, na walipopewa, mioyo ikarudi. Kama unataka kupika nyumbani, pata mpango kutoka kwa daktari wa lishe ya wanyama. Vinginevyo chagua kopo lililoandikwa kuwa ni mlo kamili, maana mengine ni vionjo vilivyofungwa vizuri.

Kuhusu mazoezi sina mengi. Kamba yenye manyoya, dakika tano kabla ya kila mlo, na baadhi ya chakula kikifichwa kwenye boksi la mayai atafute. Mwanzoni alinitazama tu nikiburuta kamba. Baadaye alianza kunyoosha mguu mmoja akiwa amelala. Kilo moja iliposhuka, akaanza kuifuata.

Nilichokihofia kuliko kugoma kula ni kupungua haraka. Paka mnene anatakiwa apoteze kati ya nusu asilimia na asilimia mbili ya uzito wake kwa wiki, na mzee akae upande wa nusu, kwa sababu misuli ya paka mzee ikiondoka hairudi kirahisi. Kwa Wingu hiyo ilikuwa gramu 30 hivi kwa wiki, kitu ambacho mizani ya kusimama juu yake umembeba haikioni. Tulitafuta ya kupimia watoto wachanga. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kula. Zipo wiki hakupungua kabisa na zipo wiki alipungua gramu 90 nikampigia daktari simu, kwa sababu Doa naye alipungua na mimi nikashangilia. Paka mzee anayekonda kuliko ulivyopanga anahitaji kupimwa.

Kuna siku nilipitisha vidole mbavuni mwake nikazihisi, zimefunikwa na ngozi na mafuta kidogo kama migongo ya vidole vya mkono uliokunjuka. Kwenye kipimo cha madaktari cha moja hadi tisa, ambapo tano ndiyo sawa, Wingu alianza na nane. Sasa ni sita. Hajafika na huenda hatafika, na daktari ameniambia nisimsukume. Fruktosamini yake imepimwa tena mara mbili na zote zimetoka sawa. Hilo halimaanishi kwamba kisukari hakitakuja kamwe. Ana miaka 11, ni dume, na umri huo ndio umri wa ugonjwa huo.

Uzito wake nauandika kwenye lile daftari la jalada la kijani. Sikutaka kununua jingine. Kurasa za mbele ni saa na dozi za Doa, kisha nusu ukurasa mtupu, kisha yeye. Jumamosi iliyopita mwandiko ni wa Mama: kilo 5.3. Amekula yote. Maji hajagusa. Mabonge mawili, ya kawaida.